Mbuzi ya Nazi Yaandikwa Skuli ya Muziki

Kidawa alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna kizio cha pili cha nazi, mbuzi ilipoanza kulia kama fidla. Ilitoa wimbo uliokuwa ukifundishwa asubuhi ile katika skuli mpya ya muziki, mtaa wa Kiponda.

Bibi yake, Bi Kazija, alikuwa anachagua mchele. Alisikiliza kidogo.

"Hapo umekosea," alisema. "Rejea."

Kidawa akarejea. Nazi ilikunika, na safari hii wimbo ulinyooka.

Skuli ile ilifunguliwa baada ya Mapinduzi, katika nyumba ya ghorofa iliyoachwa na wenyewe. Zamani fidla ilikuwa ya wanaume wa vilabu vya taarab, baba akimfundisha mwanawe. Sasa mlangoni palitundikwa ubao wa rangi nyekundu: MUZIKI NI WA WOTE. Siku chache kabla mbuzi haijalia, Kidawa aliusoma akaingia. Karani, Bwana Usi, akamtaka cheti cha kumaliza skuli.

"Nliishia darasa la nne," Kidawa alisema, akiangalia vidole vya miguu. "Mama alifariki."

"Basi haiwezekani, dada. Wote, lakini wenye cheti."

Alipotoka aliusoma tena ubao. Hakuona palipoandikwa cheti.

Siku mbuzi ilipolia, habari zake zilifika Kiponda kabla ya alasiri. Maalim Makungu, mwalimu wa fidla, akaja mwenyewe. Alivua viatu, akasikiliza mpaka nazi zikaisha.

"Anafundishika," alisema.

"Nani, mjukuu wangu?" Bi Kazija aliuliza.

"Mbuzi."

Bwana Usi akaiandika siku ile ile. Hakuitaka cheti. Iliwekwa karibu na dirisha, na kwa kuwa mbuzi hailii mpaka ikaliwe, Kidawa naye akawa anakwenda kila asubuhi na nazi zake kikapuni. Majina yakiitwa, ikifika zamu ya mbuzi, Kidawa alijibu "Naam" kwa sauti ndogo, maana lazima mtu ajibu. Akiuliza jambo, Maalim Makungu alimjibu akiiangalia mbuzi. Nazi iliyokunwa ilikwenda jikoni, kwa chakula cha walimu na wanafunzi.

Siku moja Kidawa aliinyooshea mkono fidla iliyotundikwa ukutani. Alitaka kuishika tu.

"We! Hiyo ya wanafunzi," alisema Jaku, mwanafunzi wa kupiga udi. "Wewe kakune nazi. Na leo usitie maganda, jana nlitafuna mpaka meno yakauma."

Darasa zima likacheka. Kidawa alicheka nao, kisha akaona haya, kwani hakujua anachekwa au anacheka. Bibi yake alipomuuliza kama kaandikwa skuli, alisema ndiyo. Baadaye akasema siyo. Yote mawili aliyaona kweli.

Mwisho wa mafunzo mbuzi ilikuwa ya kwanza. Ilipigiwa makofi, ikapewa cheti chenye muhuri. Kidawa alikipokea kwa niaba yake, kisha akenda nacho kwa karani.

"Bwana Usi, sasa nnaweza kuandikwa? Nataka kujifunza fidla."

"Cheti chako?"

Akakiweka mezani. Bwana Usi alikisoma taratibu, akamrejeshea.

"Hiki cha mbuzi."

"Naam."

"Kesho uwahi. Imepewa darasa la kufundisha."

Kidawa aliusoma ubao tena wakati wa kutoka. Rangi ilikuwa imepakwa upya. Akapita Darajani kununua nazi, akachagua kubwa, kwa sababu wanafunzi wapya walikuwa wengi.