Kikapu cha Masereka

Nilivisugua viazi vile kwa brashi ya viatu, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa kama shavu la bwana harusi. Kwetu Butembo mgeni hawekewi kitu chenye udongo mbele yake. Na wageni wa siku ile walikuwa mafundi wa kilimo kutoka Uganda. Wangekaa na wenzao wa Congo kuchagua mbegu za viazi za kupandwa katika mashamba ya majaribio, pande zote mbili za mpaka. Kundi moja tu la wakulima wa Masereka, kijijini kwa Mama, lingechukuliwa. Mama yangu, Kahindo, alikuwa ameongoza kundi lake miaka sita akingojea siku hiyo. Kikapu alikituma kwa lori, nikipokee nyumbani kwangu, mtaa wa Kimemi.

Vile vidogo vya chini ya kikapu, vilivyonyauka na kuota machipukizi kama ndevu za mbuzi, nilimpa jirani Kaswera awalishe nguruwe wake. Waganda wasije wakasema Masereka inalima takataka!

Saa tano na nusu Mama akashuka kwenye pikipiki, akafunua kitambaa cheupe. Nilisubiri sifa.

"Muhindo, mutoto yangu. Ile midogo iko wapi?"

"Niliitosha, Mama, nikapa nguruwe ya Kaswera. Ilikuwa mibaya."

"Mibaya? Ile ndiyo mbegu! Hii mikubwa nilikutumia ukule!"

"Lakini bageni..."

"Bageni banakuya kupanda, hapana kula! Sasa batapanda nini, kioo?"

Simu ikalia. Ni Shafii, dereva aliyekuwa akiwaleta wageni kutoka Beni.

"Ndugu, tuko Maboya, karibu kufika."

"Shafii, nakuomba, tembea polepole!"

"Adhuhuri inafika. Nitaswali hapa, bageni bakunywe chai. Dakika makumi mbili, hapana zaidi. Umefanya nini tena?"

Nilikuwa nimeshafika kwa Kaswera.

Alikuwa ameegemea zizi, mikono kiunoni. "Leo umekuja kubasalimia bakubwa ba mu zizi?"

"Vile viazi! Wamekula?"

"Bamama banakula, batoto bangali banajifunza. Ingia, kama wewe ni mwanaume."

Niliruka ndani na shati langu jeupe la Jumapili. Nilipapasa matope, nikasukumwa, nikakanyagwa, na Kaswera juu akihesabu kama mwamuzi wa mpira: kumi, kumi na saba, ishirini na tisa. Wageni walikuwa wameagiza mbegu thelathini. Cha mwisho kilikuwa mdomoni mwa nguruwe mkubwa kuliko wote. Tulitazamana. Nilimkuna nyuma ya sikio, akafungua mdomo kwa raha, nikakichomoa. Nusu ilikuwa imekwenda.

Mama alivifuta kwa nyasi kavu, bila tone la maji, akavipanga kwenye kikapu. Tulifika kwenye ukumbi wa mkutano gari la Shafii likipiga kona. Shafii aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akafunga dirisha.

Fundi mkuu alikuwa mama mmoja wa Kasese, Uganda, aitwaye Rébecca. Alitusalimu kwa Lukonzo, ambayo kwetu ndiyo Kinande, na Mama akalegea mabega. Rébecca alikagua machipukizi, kisha akatoa kisu.

"Nahitaji kukata kimoja nione ndani kama kuna ugonjwa."

Mama alimpa ile nusu. "Hii nguruwe alishakata."

Nilitamani kurudi zizini.

"Nguruwe gani?" Rébecca aliuliza.

"Ya jirani. Mutoto yangu alimupa, akafikiri hii ni takataka. Nasema kweli, usisikie kwa bengine."

Rébecca alikigeuza kiazi kwenye mwanga. Alikibinya. Hakikutoa majimaji meupe, wala hakikuwa na pete ya kahawia ndani. Alikata vingine vitatu vizima, vyote safi. Ndipo akacheka mpaka akashika meza.

"Huyo nguruwe anajua mbegu. Mama Kahindo, tutapanda zako Kasese na hapa kwenu. Utakuja kutuonyesha unavyozichagua?"

"Nitakuja," Mama alisema. "Huyu nitamuacha nyumbani."

Mchana tulivipika vile vikubwa, wageni wakala.

"Viazi safi namna hii!" Rébecca alisema. "Nani aliyeviosha?"

"Mutoto yangu," Mama alijibu, kwa mara ya kwanza siku ile akinitazama kwa fahari.

Nilinyoosha shingo. Kuhusu ile brashi ya viatu, sikusema kitu.