Bomba Limezibwa, Dirisha Je?

…na tena bomba lenyewe la jiko si kazi yake, Opicho aliwaza, mikono miwili imelikumbatia bati juu ya gunia bichi, ni la fundi mwingine huko Shauri Moyo, yeye kaitwa Majengo kuziba tu, udongo wa kichuguu, majivu, chumvi kidogo, dawa ya mama yake kule Webuye, hakuna chuo kilichomfundisha, kiungo kilikuwa kinavuja moshi kama pua ya mtoto, kakipaka, sasa ni kukishikilia juu ya moto huu mdogo mpaka udongo ushike, lakini huyu Mama Ambaro naye kamsimamia mgongoni na chetezo, anafukiza, anafukiza, harufu ya unsi, ubani wa Kisomali, imemeza harufu nyingine zote, na kitandani mkwewe Shamso, bado yumo ndani ya arobaini, kichwa kakifunga leso, mtoto kifuani, "Hooyo, mama, kichwa bado kinauma," na Ambaro, "Ni jicho, yule jirani alimsifu mtoto mno"… jicho! jicho la nani kwenye moshi wote huu, angewaambia wazi, yeye hamung'unyi maneno, hata mkewe Asenath jana huko Mbotela, yeye alimwambia chapati hii ngumu mpelekee fundi viatu, akalala bila chai, sawa, ukweli ni ukweli, "Mama, huo ubani wako ndio unamuumiza mtoto wa watu," kashasema, na Ambaro hakukawia, "Wewe fundi, ziba bomba, halafu mdomo pia uzibe," Shamso akacheka, kicheko kisicho na nguvu, kama mtu anayecheka usingizini, na mtoto kimya, mtoto mzuri, halii… halii? alipokuwa akiligonga lile bati kwa nyundo hata jirani alipiga kelele ukutani, mtoto hakushtuka, mtoto gani halii bati likigongwa… "Mama, leta chetezo hapa kwenye kiungo," "Si ulisema kinaumiza?" "Lete, tafadhali," akaleta, moshi wa unsi ukapanda wima kando ya udongo, hausukumwi, hauvutwi, vizuri, pameziba, "Sasa shusha, hapo mdomoni mwa jiko," na hapo ulipaswa kuvutwa ndani, lakini moshi ukasitasita, ukageuka, ukarudi chumbani, jiko halivuti, litavuta hewa gani, kwa mama yake moshi ulipenya nyasi za paa na upepo ukaingia chini ya mlango, hakuna aliyeuita upepo, ulikuja tu, na hapa blanketi limeshindiliwa dirishani, shuka chini ya mlango, maana mzazi hapigwi na upepo, basi yeye kaziba panapovuja nao wameziba jiko linapopumulia, na hewa yenye sumu ya makaa haina harufu, haibishi hodi… wajinga nyinyi, neno lilikwisha fika kooni, moto, likingoja kurushwa, maisha yake yote ameurusha ukweli kama jiwe, lakini akilirusha hili, huyu mama atamfukuza, mlango utafungwa nyuma yake, na blanketi litabaki palepale, atakuwa amesema kweli na mtoto hatalia… akameza, likashuka kwa shida kama kile kipande cha chapati, "Mama," akasema, sauti hata yeye hakuijua, "kilichoingia humu, kiwe jicho, kiwe moshi, kinataka pa kutokea, toa lile blanketi, mfunike mzazi kwa hilohilo," Ambaro akamtazama, "Upepo je?" "Upepo mimi nitausimamia, sitaachia bomba hili mpaka nione umeingia," mwanamke akanung'unika kwa Kisomali, akashika pembe moja ya blanketi, akavuta, baridi ya Julai ikapita shingoni mwa Opicho, na uzi wa unsi ukainama, taratibu, ukaelekea mdomoni mwa jiko, ukaingia, na kitandani kitu kikapiga chafya, kikajikunja, kikalia, kilio kikali cha mwenye hasira, "Ona, umemwamsha!" alifoka Ambaro, naye Opicho alizidi kulikumbatia bomba, udongo ulikuwa umekauka zamani, akasema tu, "Na lile shuka la mlangoni pia, mama."