Maji ya Mgeni

Nilipofika nyumba ya mwisho ya mtaa wa juu, ramani kwenye simu yangu ilikuwa imejaa vidoti vya kijani. Kijani ni nyumba yenye maji, nyekundu ni isiyo nayo. Jioni ile mhandisi wa maji angeitazama aamue bomba jipya lipite wapi. Mchana nilikuwa nimeshampigia kumwambia, kwa furaha, kwamba mtaa wa juu hauna shida.

Fundi cherehani alikuwa barazani akipinda suruali.

"Shikamoo, mama. Maji yapo?"

"Marahaba. Yapo, mwanangu."

Akaacha kazi, akaingia ndani, akarudi na kikombe.

"Asante, mama, ila tumbo halina nafasi tena. Kila nyumba nimepewa."

"Sasa kama umeshiba maji, unayaulizia nini?"

Jirani yake akachungulia juu ya ukuta. "Ndiye huyo! Kwangu kamaliza vikombe viwili. Nikadhani kijana ana homa."

"Si ulisema maji yapo?" nikamuuliza.

"Ya mgeni hayakosi. Ungeuliza ya kufulia, ningekuonyesha rundo la nguo za wiki nzima."

Nikaifungua ramani tena. Nyumba arobaini na moja, kijani tupu. Bomba lingewapita kando kwa sababu ya swali langu.

Nikakitazama kikombe. "Haya umeyatoa wapi, mama?"

"Kisimani, kule bondeni. Safari mbili kabla jua halijatoka. Kunywa basi, usinirudishie."

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Kisha nikarudi nyumba ya kwanza, safari hii nikiuliza, "Maji ya leo mmechota wapi?" Jirani alinitangulia akipiga hodi: "Huyu hana kiu, jamani! Mwambieni ukweli!" Kidoti kimoja kimoja kikageuka chekundu.

Nilimkuta mhandisi anafunga ofisi.

"Si uliniambia huko juu hakuna shida?"

"Nilikosea kuuliza."

Akaitazama ramani. Akawasha taa tena, akafuta mstari wake kwenye karatasi, akauchora upya kupanda kilima mpaka nyumba ya mwisho.

Nikampigia fundi cherehani kwa namba aliyonipa.

"Mama, bomba linakuja huko kwenu."

Cherehani ikanyamaza. Nikamsikia akimwita jirani yake kwa sauti, akimwita tena, kisha akarudi kwenye simu akicheka.

"Likifika uje unywe, mwanangu. Ila usiulize kama yapo."