Nafasi Karibu na Solange

Kwaya nzima ilitaka kujua kwa nini Régine hakomuniki, na aliyetaka kujua kuliko wote, tuseme ukweli, alikuwa rafiki yake mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya tatu sasa. Padri anasimama na kikombe, waimbaji wanatoka benchi kwa benchi, mikono imekunjwa vizuri, na Régine anabaki amekaa, macho kwenye kitabu cha nyimbo, wenzake wakimruka magoti kwenda mbele. Katika parokia ya Ngungu hakuna jambo linaloonekana upesi kama hilo. Njoo misani na viatu vimetoboka, hakuna atakayekuuliza. Lakini baki umekaa wakati wa komunyo, na kabla hujafika kwenu umeshapewa mimba, mume wa mtu na mganga wa kienyeji.

Rafiki huyo, Kétsia, alikuwa binti wa Katembo, yule aliyetoka Butembo na kufungua duka la chumvi, sabuni na betri karibu na soko. Huko Ngungu alikuwa bado mgeni. Wasichana wa kwaya walimwita "mutoto wa butiki", wakaiga namna anavyotamka maneno, wakacheka. Si uchokozi mkubwa, lakini ukichekwa kila juma unachoka. Régine peke yake hakucheka. Alimfundisha nyimbo za Kihunde mstari kwa mstari mpaka ulimi wake ukazizoea, akamwonyesha njia ya mkato ya kwenda mtoni, akamkaribisha kwao kula kile kidogo kilichokuwepo. Rafiki wa namna hiyo angemtosha mtu yeyote mwenye akili. Kétsia hakutosheka. Alitaka mstari wa mbele.

Mstari wa mbele ulikuwa wa Solange. Solange alikuwa na sauti ya kupasua bati, na pembeni yake walisimama Naomie na wengine wawili, wote wamefunga vitambaa vya kichwa kwa namna moja, wote wakicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kétsia aliwaangalia visogo vyao kutoka nyuma, na roho ilimuuma.

Basi ikaja safari ya Walikale. Kijana wa parokia yao alikuwa anapewa upadri huko, na kwaya ikaombwa kwenda kuimba. Walipanda lori la Fuso, wakapita Sake, wakapita Masisi, malisho ya ng'ombe yakaisha na msitu ukaanza. Hapo mvua ikawakamata. Walipofika mtoni, daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Dereva akataka kurudi, na kumbe nyuma yao mlima ulikuwa umeshuka juu ya barabara. Mbele maji, nyuma udongo. Wakabaki katikati, katika kijiji ambapo hakuna aliyewajua.

Wenyeji waliwapa shule ya msingi walale. Wanaume chumba kimoja, wanawake chumba kingine. Mvua ilipiga bati mchana kutwa. Madawati yakawa vitanda, nguo zenye maji zikaning'inia juu ya vichwa vyao na hazikukauka. Ukikohoa, kila mtu anajua umekohoa. Ukitoka nje, wote wanajua umekwenda kufanya nini na umekawia kiasi gani. Simu zilikuwa kimya, kwa sababu rezo ilipatikana juu ya mlima ulio nyuma ya shule tu, na njia yake ilikuwa utelezi mtupu. Kwa muda wa siku moja watu walivumiliana. Baadaye wakaanza kutafutana maneno.

Ijumaa, Régine na Kétsia walikuwa kwenye ukingo wa mto wakisugua masufuria. Kétsia akaanza tena.

"Mi rafiki yako ao hapana? Niambie basi. Juu ya nini haukomunike?"

"Acha, Kétsia."

"Banasema uko na mimba."

"Baseme."

"Na mi niseme nini banaponiuliza? Niko nabaki kama mujinga."

Hakumwacha. Alimchimba kuanzia sufuria la kwanza mpaka la mwisho, mara kwa kubembeleza, mara kwa kununa, mpaka Régine akaweka majani ya kusugulia chini. Labda alichoka. Labda aliona kwamba mahali pasipo njia wala simu siri haiwezi kwenda popote.

"Iko mambo ya shamba yetu," akasema kwa sauti ndogo. "Wakati wa vita, tulipokimbilia Sake, papa yangu alimupatia Papa Séraphin alimeke mpaka tutarudi. Maharagi na mahindi, basi. Miti hapana. Unajua desturi: muntu akipanda miti mu shamba, njo imekuwa yake. Tumerudi, anakataa kutoka. Sasa papa analimiaka bantu, banamulipa beseni ya maharagi."

Papa Séraphin alikuwa baba yake Solange.

"Nilienda kwa padri kuungama," Régine akaendelea. "Akaniambia nimusamehe kwanza. Nimejaribu, dada. Ninasimama nyuma ya Solange, ninaona amenenepa, ninajua iko mahindi yetu. Nikipokea Bwana na roho ya vile nitakuwa namudanganya Mungu. Njo maana ninabaki."

Régine akamsogelea zaidi.

"Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, shefu wa kijiji anakuja kutembea mu shamba, yeye na bazee banaojua ile udongo. Papa amemuomba kwa siri. Papa Séraphin hajue kintu. Akijua tu, atapanda miti mbele shefu afike, na sisi tumekwisha. Umesikia? Hata mama yako usimwambie."

"Mi? Siwezi," Kétsia akasema, na alisema kwa moyo wake wote. Usimwone mnafiki. Saa ile angekubali kukatwa kidole.

Jumamosi mvua ilizidi. Régine alikuwa ametoka na wamama wa kijiji kutafuta kuni kavu. Mstari wa mbele walikuwa wamezunguka mbabula yao ya makaa kwenye kona, wanachoma mahindi, na Kétsia amekaa kando, amejifunika kitenge, anasikia harufu.

"Mi nawaambia, mimba imefika miezi mine," Naomie akasema. "Muangalie namna anatembea."

"Na ya nani?" mwingine akauliza.

"Ya dereva mumoja wa Sake, eti."

Wakacheka. Kétsia aliona uchungu, uchungu wa kweli, kwa ajili ya rafiki yake. Uchungu huo ndio uliomfungua mdomo, ingawa chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kimengoja nafasi kwa muda mrefu.

"Si mimba," akasema. "Mi minajua ni nini."

Vichwa vyote vikageuka. Hawakuwahi kumgeukia namna ile tangu atoke Butembo. Solange akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kuya hapa, Kétsia. Utakufa na baridi kule. Kuya, mupenzi."

Akaenda. Akapewa hindi, la moto, limeiva vizuri. Mabega yao yakamgusa huku na huku. Akajiona yuko peponi, na hilo si jambo la kucheka: mtu aliyekaa nje muda mrefu, joto la watu linamlevya.

"Basi tuambie," Naomie akasema.

"Siwezi. Niliapa."

"Eh! Kumbe haujue kintu. Mutoto wa butiki anatuuzia hewa."

Wakaanza kugeuka. Mabega yakaondoka. Kétsia akaona nafasi aliyoipata inafungwa mbele ya macho yake, na ikamtoka:

"Ni mambo ya shamba tu! Shamba yao. Anataka kusamehe muntu, hawezi. Basi. Ni ile tu."

Naomie akakunja uso. Alitarajia kitu kitamu zaidi. Lakini Solange aliacha kugeuza hindi lake. Liliungua upande mmoja na hakulitazama.

"Shamba," akasema polepole. "Na papa yake alibaki nyumbani, hakukuja kutusindikiza. Juu ya nini?"

"Sijue," Kétsia akasema.

"Kuko muntu anangoja?"

"Sijue, Solange."

Alisema haraka mno, akaangalia chini. Solange hakuuliza tena. Alimpa Kétsia hindi la pili, akamfunika mabega kwa ncha ya kitenge chake, halafu akainuka. Kétsia alimwona kupitia mlango: amefunga simu ndani ya mfuko wa plastiki, amevua viatu, anapanda ule mlima wenye utelezi kwenye mvua, anaanguka, anainuka, anaendelea.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Kétsia angetoka mbio, angemkuta Régine njiani na kuni kichwani, angemwambia: nimekosa, panda mlima, mpigie papa yako leo hii. Kulikuwa bado na mchana wa kutosha. Kulikuwa na Jumapili nzima. Papa Honoré, baba yake Régine, angeweza kuwakusanya wale wazee na kwenda kukaa shambani, au kumfuata shefu nyumbani kwake. Lakini kumwambia Régine hivyo ilikuwa ni kumwambia pia nani alifungua mdomo, na katika chumba kile hapakuwa na pa kujificha baada ya neno la namna hiyo. Kétsia akajidanganya. Solange anawasalimia wazazi tu, akasema moyoni. Neno moja tu nimesema. Neno moja halina kitu.

Régine aliporudi, amelowa chapachapa, akamletea parachichi alilopewa na wamama. "Chukua, uko na uso kama mugonjwa." Kétsia alilila.

Jumapili padri aliyekuwa nao safarini aliwafanyia misa humo darasani. Solange akamshika Kétsia mkono mbele ya wote, akamvuta mstari wa mbele, Naomie akamfunga kitambaa kama chao. Aliimba. Ndiyo, aliimba vizuri, na kuna dakika alifurahi kabisa. Wakati wa komunyo Régine alibaki amekaa nyuma, peke yake, na Kétsia akapita bila kumtazama.

Jumatatu mvua ilikatika. Mchana Régine alipanda mlima kuuliza habari. Kétsia alimngoja chini ya ukuta wa shule. Alipomwona anashuka, alijua kabla hajafika. Régine hakuwa analia. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mzigo na anaogopa kuumwaga.

"Shefu amefika," akasema. "Amekuta mikaratusi, kutoka barabara mpaka mutoni. Mimea ya mupaka imeng'olewa yote. Papa Séraphin ameshinda akipanda jana, siku ya yenga muzima, yeye na bantu ya kukodi. Shefu amesema yeye hang'oe miti ya muntu. Tuende tribinali, kwa juji. Na tribinali tutaenda na nini?"

Kétsia akaanza kulia.

"Ulisema nini?"

"Nilisema shamba tu. Neno moja, Régine. Banakutukana, nilitaka kukutetea."

Régine alifikiri. Ni mtu wa haki, hilo usimnyime.

"Neno linaweza kukutoka," akasema. "Ile minaelewa. Lakini Solange alipanda mulima siku gani?"

"Juzi, siku ya posho."

"Ulimuona?"

Kétsia angeweza kusema hapana. Alitikisa kichwa kukubali.

"Ulimuona siku ya posho. Nikakuletea avoka, ukakula. Na siku ya yenga ukaimba."

Aliingia ndani kukusanya vitu vyake. Kétsia alimfuata, akamshika nguo, akamwomba msamaha, akamwambia nitaongea na papa yangu, tuko na duka, tutawasaidia. Wote walikuwa humo wanasikiliza. Pa kuongelea pengine hapakuwepo. Régine alikunja kitenge chake taratibu, kona kwa kona.

"Solange ni mutoto wa papa yake," akasema bila kugeuka. "Ametetea kwao. Huyu nitamusamehe, nimeona sasa naweza. Weye sijue nitaanzia wapi."

Kesho yake wanaume wa kijiji walimaliza kuweka magogo mapya, na udongo wa nyuma ukafukuliwa njia ya kutosha pikipiki. Mchuuzi mmoja wa jibini alikuwa anarudi Masisi. Régine akapanda nyuma yake kwenda kwa baba yake. Kétsia alikimbia mpaka barabarani na begi lake.

"Nitakuja na weye!"

"Moto iko ya muntu mumoja," Régine akasema, na pikipiki ikaondoka ikirusha matope.

Fuso lilikuwa linanguruma. Padri anahesabu watu, dereva anapiga honi, wazee wamekalia magunia nyuma yote. Kétsia alitafuta mahali pa kukaa pembeni, peke yake, popote. Kulikuwa na nafasi moja tu.

"Kuya, Kétsia!" Solange akaita, akisogea. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimkumbatia kwa nguvu mbele ya kwaya nzima. "Bila huyu dada papa yangu angefukuzwa kama mwizi. Mumusikie wote. Kuanzia leo asikuwe muntu anamuita mutoto wa butiki. Huyu ni wetu."

Wakapiga makofi. Kétsia akakaa. Solange kulia, Naomie kushoto, mabega yao ya joto yamembana asiweze hata kugeuka kuangalia nyuma. Lori likaingia darajani polepole, magogo yakalia chini ya magurudumu.

Walipovuka, Naomie alimwegemea sikioni.

"Sasa tuambie, dada. Na ile ya mama yake Régine, wanasemaka alipotea Sake. Weye njo unajua. Ilikuwa namna gani?"

Alijua. Régine alikuwa amemwambia yote, tangu zamani, bila hata kuulizwa. Na barabara ya kwenda Walikale ilikuwa bado ndefu.