Wimbo wa Kliya na Pruni

Omwenga hakuogopa jembe, wala mvua ya Kericho, wala baridi yake ya alfajiri. Aliogopa Jumamosi. Siku hiyo wake wa vibarua waliokuja kuwatembelea waume wao walitakiwa kurudi makwao, na Kemuma, mkewe, angefunga mzigo ashike njia ya Kisii. Kwenye shamba lile la chai ni nyapara tu aliyepewa nyumba ya kukaa na mke. Nafasi ya nyapara wa kitalu ilikuwa wazi, lakini Bwana mpya, Mzungu mwenye shamba, alitaka mtu anayejua maneno ya kilimo kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kuombea maji.

Okeyo, karani kutoka upande wa ziwa, alikubali kumfundisha. Kufyeka ni kliya, kuchimba ni digi, kupanda ni planti, kupalilia ni widi, kupogoa ni pruni, kuchuma ni plaki. Omwenga hakuwa mjinga, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kemuma alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Mosoti, tangu lini mtu wa kwetu akajifunza kazi akiwa amekaa?"

Kwao majirani hulimiana kwa zamu, kazi waiitayo risaga. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na majembe hupanda na kushuka. Basi Kemuma akayatia maneno ya Okeyo kwenye wimbo, wanawake wenzake waliokuwa wakipalilia kitalu wakaudaka, na haukupita muda Omwenga akawa anaitikia hata usingizini. Sharti lilikuwa moja tu: wimbo wa risaga hauanzii katikati. Ukiimba mavuno kabla ya kufyeka, umeliombea shamba njaa.

Ijumaa Bwana akamwita ofisini, akaweka kisu cha kupogolea mezani.

"Hii kazi gani? Sema Kingereza."

Masikini Omwenga! Jibu alikuwa nalo, lakini lilikaa nyuma ya mengine, na hapakuwa na wa kumwanzishia. Okeyo, aliyekuwa pembeni na daftari lake, akatazama dari. Omwenga akamwona akilini Kemuma akijitwika mzigo kesho yake, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Kitalu kilikuwa chini ya dirisha. Kemuma alisikia swali, akasubiri jibu, akasikia kimya. Kimya kile alikijua.

"Kliyaaa!" akaanzisha.

"Kliya!" Omwenga akaitikia, mikono ikikamata jembe ambalo halikuwepo. Akachimba, akapanda, akapalilia sakafu ya Bwana, na wanawake nje wakimfuata. Walipofika pruni alinyakua kile kisu akakiinua juu, Bwana akarudi nyuma pamoja na kiti chake. Wimbo haukatizwi, kwa hiyo wakachuma mpaka mwisho.

Bwana alicheka, akafuta macho. "Wewe nyapara."

Mtu mwenye akili zake angeshukuru akaondoka. Omwenga akabaki amesimama.

"Bwana, mimi naitikia tu. Mwenye kuanzisha ni bibi yangu, huyo iko nje. Bila yeye mimi sijui kitu."

Okeyo alimkanyaga mguu, ukweli ukawa umeshatoka. Bwana akaenda dirishani. Wanawake walikuwa wameketi kwa mstari, majembe chini, wakimtazama.

"Hawa nakaa kwa nini?"

"Wimbo imefika mavuno, Bwana. Kwetu ikifika hapo, mwenye shamba anatoa chakula."

Okeyo akafumba macho. Bwana aliwatazama wanawake, akamtazama Omwenga, kisha akaagiza unga na maziwa.

"Wewe nyapara," akarudia. "Mama nakaa. Kila siku naimba."

Omwenga akatoka mbio kama mtoto aliyeona mgeni. Kemuma alikuwa ameshajifunga leso kiunoni, jembe begani, akiikagua nyumba ya nyapara ng'ambo ya kitalu. Tangu nyapara wa zamani aondoke, magugu yalikuwa yamefika dirishani.

"Mama Mosoti, hutangoja chakula?"

"Chakula kitanikuta kwangu," akasema Kemuma, akaanzisha: "Kliyaaa!"