Neno Nililoliruka kwa Daktari

Mwaka ule kampuni za watu binafsi zilipoanza kugombea pamba yetu, mdogo wangu Salu aliuza yote, akanunua baiskeli, na kabla hajaizoea macho yake yakawa ya njano kama kiini cha yai. Hospitalini wakamtoa damu, ikapelekwa Mwanza, jibu likarudi: homa ya ini, ile inayoitwa B. Daktari akataka kuzungumza na ndugu.

Ndugu wa kutumwa ni mimi, Esteria. Nina kibanda cha mitumba sokoni Somanda, nimemaliza darasa la saba, na Kiswahili hakinikwami kooni. Basi ukoo mzima ukanigeuza karani. Mke wa Salu alitaka kujua kama waache kula sahani moja. Baba mdogo Ngassa aliuliza kama pombe kidogo ina ubaya, na sote tulijua anamwulizia nani. Shangazi aliuliza kama ni kurogwa. Nikayaandika daftarini, yakafika tisa. Mama yetu, Nyanjige, peke yake hakuuliza kitu. Alisema atakuja kusikiliza tu. Nilikasirika, maana Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na mzigo wa kumtafsiria ungekuwa wangu.

Daktari Kasmiri alikuwa mtu mpole, alijibu bila haraka. Sahani haina neno, wale pamoja. Pombe aiache kabisa. Hapo nilifurahi, Ngassa amepata lake. Kurogwa yeye hakusomea. Nilitafsiri yote kwa Kisukuma, Mama akiitikia kwa kichwa.

Swali la nane liliuliza ugonjwa huu unaingiaje mwilini.

"Kwa damu hasa," alisema. "Mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Mume na mke wanaweza kupeana. Na sindano, au wembe uliopita kwa mwingine."

Nikamwambia Mama ni ugonjwa wa damu, basi, nikafungua ukurasa mwingine.

Tulipokuwa watoto, mwaka ambao wezi wa ng'ombe walitusumbua kijijini, Baba alileta mganga atuchanje chale za kinga. Watoto sita, wembe mmoja, mkubwa kwanza. Mkubwa ni mimi. Aliyenifuata ni Salu. Pale kwa daktari nilijiambia kwamba namhurumia Mama, kumbe uongo mtupu. Niliogopa. Wembe ule ulipomfikia Salu, damu iliyokuwa juu yake ilikuwa yangu.

"Umeruka neno," Mama alisema kwa Kisukuma. "Amesema wembe."

"Mayu, ni mambo ya hospitali tu."

"Mwulize. Wembe mmoja, watoto sita."

Nikauliza. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema huenda ni wembe, huenda ni kuzaliwa, huenda ni njia nyingine. Hakuna kipimo cha kuonyesha nani alimpa nani. Mama asijilaumu.

Safari hii nilitafsiri bila kuruka. Mama hakulia. Alisema hakuja kutafuta mwenye kosa. Baba alishakufa, na mganga pia.

"Salu tumemjua kwa sababu macho yamebadilika," akasema. "Je, kuna mtu mwenye ugonjwa huu na macho yake ni meupe?"

Nikalipeleka swali. Daktari alijibu kwamba wapo, tena wengi, na baadhi yao hawajui mpaka ini limeshaharibika. Ndiyo maana ni vizuri ndugu wote wapimwe.

Hilo sikulitafsiri. Mama hakuningoja. Alinishika mkono, akaanza kuukunja mkono wa blauzi yangu hadi kwenye kiwiko, taratibu, alivyokuwa akifanya kabla ya kuninawisha nikiwa mtoto. Kisha akamgeukia daktari, akasema mwenyewe kwa Kiswahili:

"Anza na huyu, baba. Huyu ndiye alitangulia."