Alichokula Bosi

Kazi yangu ni kusoma magonjwa ya mbwa na paka nisiowajua. Kliniki za mifugo za mkoa mzima hutuma rekodi zao ofisini kwetu, zikiwa zimeondolewa majina ya wenye wanyama, nasi tunaziunganisha ili tuuone ugonjwa kabla haujasambaa. Ukiniuliza harusini nafanya kazi gani nitakwambia takwimu, kisha nitabadilisha mada, maana watu hucheka.

Tangu mvua zianze, mbwa wa upande wetu walikuwa wanakufa kwa figo, hata wale wenye nguvu zao. Mstari wa vifo kwenye skrini ulipanda, nami nikiukodolea macho tu. Nilihisi ni kitu wanacholishwa, lakini kitu gani? Rekodi ina sehemu ya chakula, na madaktari wetu karibu wote huijaza neno moja: kawaida. Mbwa anatapika, anamaliza maji ya ndoo, anakufa, chakula, kawaida. Nimewaandikia, nimewapigia, nimewabembeleza. Ni kumpigia mbuzi gitaa.

Wiki hiyo mama akanipigia. "Mwanangu, Bosi anakunywa maji kupita kiasi, na chakula hataki."

Bosi ni mbwa wake. Tangu baba afariki, ndiye anayelala mlangoni mwa chumba chake, ndiye anayesemeshwa asubuhi.

Tukampeleka kwa shemeji, mume wa dada yangu, daktari wa mifugo ambaye kliniki yake haikosi foleni. Alipima damu, akatuita ndani, akafunga mlango. Figo zilikuwa zimekwisha.

"Mama, tusimtese," alisema. Mama akaitikia kwa kichwa, mkono wake ukiwa shingoni mwa Bosi.

"Amekuwa akila nini?" shemeji aliuliza, macho kwenye kompyuta.

Mama akaeleza yote: wali na nyama aliyompikia mwenyewe, na zile biskuti za mbwa za mfuko wa kijani, alizoanza kumnunulia juzijuzi kwa kuwa Bosi alizipenda mno. Shemeji akawa anaitikia "ehee" huku vidole vikiandika. Nikachungulia. Kawaida.

"Shemeji, andika biskuti."

"Foleni yote ile nje, na mimi nikae kuandika insha? Nani atasoma?"

"Mimi, shemeji. Ni mimi ninayesoma."

Alinitazama. Miaka yote alijua tu kwamba nafanya kazi za kompyuta. Akafuta, akaandika upya, mpaka rangi ya mfuko.

Kisha akaandaa sindano. Mama alimshika Bosi kichwa hadi mwisho, akimwambia kwamba yeye ni mbwa mzuri. Mimi nilishika mkanda wa kumwongozea, sikuwa na kingine cha kushika.

Tulipotoka mama akauliza, "Sasa mtawaambia watu kuhusu zile biskuti?"

"Bado, mama. Huyu ni mbwa mmoja. Tunahitaji wengine walioandikwa hivi hivi."

"Wengine waliokufa."

"Ndiyo, mama."

Kwenye benchi la nje alikaa dada mmoja aliyeleta mbwa mdogo kuchanjwa, akimtuliza kwa biskuti kutoka mfuko wa kijani. Mama akaenda akasimama mbele yake.

"Mwanangu, usimpe hizo. Zimeniulia wangu sasa hivi."

Yule dada alimpa pole, pole ya kweli, akauliza kama ni daktari aliyesema hivyo. Mama akanigeukia, mimi niliyesomeshwa, nimjibu.

Nilitamani kumpokonya ule mfuko. Lakini nilijua nini? Nilijua mbwa mmoja na mstari unaopanda.

"Hatuna uhakika bado, dada," nilisema. "Lakini ingekuwa mimi, nisingempa."

"Aa, kumbe hamna uhakika." Uso wake ukakunjuka, akamvunjia mbwa wake kipande kingine.